Tumehamia Vyumba Vitatu

Tarehe 4 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi wazima, ukiacha mafua ya shemeji yako ambayo yamekataa kuondoka tangu mwezi uliopita. Wewe je? Magoti yanasemaje? Wateja nao? Natumai bado unawakaripia wale wanaofuta miwani kwa pindo la shati.

Nina habari. Nimeizungusha kichwani wiki tatu nikitafuta namna nzuri ya kuianza na sikuipata, kwa hiyo naianza hivyo hivyo: nimeacha kazi kwenye kampuni ya dawa. Sikufukuzwa. Barua niliiandika mwenyewe na funguo za gari nilizirudisha mwenyewe. Mkurugenzi aliniuliza mara tatu kama kuna kampuni nyingine imenichukua. Nilipomwambia naenda kuuza dawa za kikohozi kwenye duka la mtaani, kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana, alicheka, akadhani namtania.

Mshahara wangu sasa ni kama theluthi ya ule wa zamani, kwa hiyo na nyumba tumehama. Tuko kwenye vyumba vitatu ghorofa ya pili, juu ya fundi viatu. Asubuhi tunaamshwa na nyundo yake. Makochi yale makubwa tuliyauza, maana hata mlangoni yasingepita. Kutoka hapa kwenda kazini natembea dakika kumi na mbili.

Najua utashtuka. Naomba ushtuke kwanza, kisha uniandikie ukishatulia.

Mdogo wako

*

Tarehe 19 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nimezipokea. Magoti yapo, duka lipo. Jirani yangu, yule mama wa duka la vitambaa, anakusalimu.

Ulisema niandike nikishatulia. Sijatulia, lakini ningengoja kutulia usingepata barua mwaka huu.

Baba alipofariki mimi nilikuwa nimeshapata nafasi ya chuo. Unajua hilo, ila nadhani umelisahau. Niliiacha, nikakaa kwenye mashine ya kusagia lenzi miaka thelathini na sita ili wewe usome ufamasia. Sikudai na sidai. Nasema ukumbuke tu. Nilipokuwa nikiwaambia watu hapa, "mdogo wangu ni msimamizi wa mauzo, mikoa mitano yote iko chini yake," nilikuwa nasema na mimi nimefika mahali. Sasa niseme nini? Kwamba anapima dawa ya kikohozi na analala juu ya fundi viatu?

Na mumeo amekubali? Mwalimu mzima wa useremala, amekaa kimya mkewe akiuza makochi?

Kitu kingine. Ile nyumba ilikuwa na chumba cha nyuma chenye mlango wake. Nacho kimekwenda? Nauliza tu.

Halafu kwa nini Chiriku hakuandika mstari wake chini ya barua? Huwa hakosi. Mwambie mjomba wake aliigeuza karatasi mara mbili akiutafuta.

Kaka yako

*

Tarehe 8 Machi

Kaka,

Nimefurahi kusikia magoti yapo, ingawa hukusema yapo vipi. Mpe jirani salamu zangu.

Sijasahau chuo chako. Hakuna siku niliyoendesha gari la kampuni bila kukifikiria, na ndiyo maana nimechelewa kuliacha kwa miaka minne.

Umeuliza kuhusu mume wangu. Hakukubali. Wiki tatu za mwanzo alikuwa akila amesimama jikoni, na neno lake kubwa lilikuwa "haya". Nikimwuliza rafu tuiweke wapi: haya. Nikimwambia nimeuza jenereta: haya. Walimu wenzake walimwuliza kama tumefilisika, na hakuniambia aliwajibu nini.

Lakini nikueleze tunavyoishi, usije ukadhani tunalia. Kabla ya kuhama nilikaa nikajiuliza ni kitu gani kikiondoka tutakikosa kweli. Nilidhani nitajaza ukurasa. Viatu vyangu vilitosha miguu ya ukoo mzima, na nilikuwa navaa jozi mbili. Vyumba vitano, na sote tulikuwa tunakutana kwenye kimoja kile chenye televisheni, kila mtu na sahani yake mapajani. Nusu ya nilichokuwa nakipata kilikuwa kinanilipia uchovu: msaidizi wa kupika kwa sababu sipo, vyakula vya kununua njiani kwa sababu sipo, zawadi za kumpoza mtoto kwa sababu sipo.

Sasa saa tisa kasoro tunakaa mezani, watu watatu, tunakula chakula kimoja. Napika sufuria kubwa inayotosha na kesho. Nguo iliyochanika naitia kiraka mwenyewe, na nimegundua bado najua kushona kifungo. Nyama si ya kila siku, na hakuna aliyekonda. Jioni nina saa nzima sina cha kufanya. Mara ya kwanza iliponitokea nilisimama katikati ya chumba kama mgeni.

Chumba cha nyuma kimekwenda, ndiyo. Kwa nini unauliza?

Chiriku hajambo. Mkono unamsumbua kidogo, ataandika siku nyingine.

Mdogo wako

*

Tarehe 2 Mei

Kaka,

Natumai barua hii itakukuta mzima. Hii ni ya tatu tangu unijibu. Nilikuandikia mwanzoni mwa Machi, nikakuandikia tena Aprili, kimya. Simu ya duka nimeipiga siku nne mfululizo, hailii kabisa. Kama umenikasirikia nitukane, lakini usininyamazie.

Jana nimeitoa barua yako ya Februari nikaisoma upya. Kaka, wewe ndiye uliyekuwa unaandika herufi ndogo kama punje za mtama, mpaka mwalimu wangu alikuwa anauliza kama kaka yangu anaandika kwa sindano. Katika barua hii maneno matano yanajaza mstari, na mistari yenyewe inapanda kulia kama inayokwepa shimo. Sikuliona hilo siku ile kwa sababu nilikuwa nasoma kwa hasira.

Una nini?

Mdogo wako

*

Tarehe 20 Mei

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Kalamu ni mbovu. Simu ni mbovu. Meza ina mguu mfupi. Kila kitu cha mtu mnakigeuza ugonjwa, ninyi watu wa dawa!

Umeuliza kwa nini nilitaja kile chumba. Nilikuwa nakitegemea. Nimesema, basi, na kwa nini sitasema.

Barua zako nimezisoma. Sufuria moja, jozi mbili za viatu, saa ya kukaa bure. Vizuri. Lakini wewe ulikuwa navyo ukaviweka chini kwa mkono wako. Kuna watu wananyang'anywa. Anayeweka chini kwa hiari asikae akamfundisha anayenyang'anywa jinsi ya kuridhika.

Na bado hujaniambia kwa nini uliacha kazi. Umeniambia unavyoishi kurasa nne. Sababu hujaandika hata mstari mmoja. Wala mkono wa mtoto hujaniambia umefanya nini. Unadhani sioni?

Usinijibu kama utaniletea tena habari za sufuria.

Kaka

*

Tarehe 3 Juni

Kaka yangu,

Leo sina salamu ndefu. Umenishika pabaya, na umenishika kwa haki.

Ilikuwa Novemba. Mwisho wa mwaka ulikuwa unakaribia na kampuni ilitaka mikoa yangu yote mitano ifikie lengo. Wiki ile nilikuwa nalala saa tatu tu kwa siku, siku nyingine mbili. Shule zilikuwa zimefungwa na msaidizi wa nyumbani alikuwa amekwenda kwao, kwa hiyo nilimchukua Chiriku tukaenda naye kwenye zahanati za mbali. Alifurahi mno. Alikuwa anahesabu madaraja.

Saa tisa mchana, jua kali, barabara nyeupe iliyonyooka, nililala kwenye usukani. Sikusinzia, Kaka, nililala. Nilichokisikia ni yeye akisema, "Mama, mama, mama," mara tatu, bila kupiga kelele, kama mtu anayemwamsha mwenzake kwa adabu. Halafu tukawa mtaroni.

Mimi sikuumia hata ukucha. Yeye alivunjika mkono wa kulia mahali pawili. Mfupa uliunga, daktari alisema umeunga vizuri. Lakini aliacha kusema. Mtoto tuliyemwita Chiriku kwa sababu hata usingizini alikuwa akiongea, alinyamaza. Desemba nzima, Januari, Februari, Machi. Akitaka maji anaonyesha kikombe. Wakati ule nilipokuwa nakuandikia kuhusu nyundo ya fundi viatu, ndani ya nyumba yangu hapakuwa na sauti ya mtoto.

Bosi wangu alikuja hospitali na maua. Akaniuliza lini nitarudi, maana zahanati mbili zilikuwa hazijatia saini. Pale pale kitandani kwa mwanangu niliona kwamba nikirudi, nitalala tena.

Sikukuambia kwa sababu wewe ndiye uliyenisomesha ili niipate kazi ile. Ningeandikaje kwamba nusura imwue mpwa wako?

Tarehe kumi na moja Aprili tulikuwa mezani. Chiriku akaonja mchuzi, akakunja uso, akasema, "Chumvi." Nikasimamisha kijiko hewani. Akasema tena, "Mama, umezidisha chumvi." Baba yake aliinuka akaenda kusimama kwenye ngazi, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Tangu siku ile hajanijibu tena "haya". Kesho yake alileta mbao akaanza kupima ukuta wa rafu bila kuulizwa.

Sasa anaongea, si kama zamani, lakini anaongea. Kuandika bado kunamchosha.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayaficha. Zamu yako.

Mdogo wako

*

Tarehe 17 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Usishangae mwandiko. Nimejigonga mkono kwenye mlango wa duka na jirani wa vitambaa amekubali kuniandikia. Ni mambo madogo, yatapita.

Barua yako imesomwa hapa dukani. Nilimwomba jirani aisome tena pale mtoto anaposema chumvi. Mdogo wangu, mimi ni mpumbavu. Nilikuwa nakupigia kelele kuhusu mikoa mitano. Hata kama ningekusomesha mara kumi, ile kazi isingefaa unywele mmoja wa mtoto huyo. Nisamehe kwa yote niliyoandika Februari na Mei.

Umefanya vizuri kuacha. Kaeni kwenye vyumba vyenu mle chakula chenu. Kwangu huku hakuna tatizo. Biashara ni ya wastani. Simu wataitengeneza.

Mbusu Chiriku.

Kaka yako

Dada, mimi ninayeandika ndimi jirani. Yeye ameinuka kwenda kufunga dirisha na ninaandika haraka. Mkono wake ni mzima. Macho ndiyo mabovu. Hospitali walimwambia ni presha ya macho, tangu mwaka jana. La kushoto limekwisha, la kulia anaona kama anayechungulia kwenye bomba. Walimpa matone, yalipokwisha hakurudi. Mwezi wa tatu alimtengenezea dereva wa basi miwani, yule baba akarudi akaiweka mezani kwa heshima tu, akasema, "Fundi, hii si yangu." Tangu hapo hajagusa mashine. Simu imekatwa. Duka anafungua asubuhi anakaa. Ameniapisha nisikwambie. Mimi nimeapa kwa mdomo, kwa mkono sikuapa. Anarudi.

*

Tarehe 24 Juni

Kaka,

Jirani akusomee hii yote, hata pale utakapomwambia aache.

Najua. Usimgombeze. Angenyamaza nisingemsamehe yeye wala wewe.

Kilichopotea kwenye jicho la kushoto hakirudi, nisikudanganye. Lakini la kulia linaweza kushikwa lilipo, kama presha itashushwa sasa na matone yasikatike hata siku moja. Kila wiki unayokaa dukani ukijikaza, uoni mwingine kidogo unaondoka, na hutausikia ukiondoka kwa sababu hauumi. Mimi dawa hii naitoa dukani kila siku kwa watu nisiowajua. Kaka, kila siku! Mzee mmoja huja na mkongojo, namwambia, "Baba, usiruke siku," na kumbe anayeruka ni wa kwangu.

Hapa kliniki ya macho iko umbali wa kutembea. Njoo. Chumba cha nyuma hakipo. Kuna chumba tunacholala sisi, chumba cha Chiriku, na chumba cha kukaa. Tutapanga.

Uliwahi kusema unanyang'anywa. Ni kweli. Lakini duka lile ulilokaa nalo sasa halikupi chochote. Unakufa na tai shingoni, Kaka, na hakuna hata anayekutazama.

Nijibu upesi.

Mdogo wako

*

Tarehe 6 Julai

Mdogo wangu,

Mwandishi wangu nimemsamehe, kwa kuwa mtaa mzima hakuna mwingine anayeweza kuusoma mwandiko wako.

Nimekusikia. Jibu langu ni hapana.

Nilikitaka kile chumba cha nyuma kwa sababu kilikuwa kimekaa bure. Ningeingia kwa mlango wangu nisimsumbue mtu. Mwaka mzima nilikuwa najipanga kukuomba, na kila nilipoanza nilikuwa nasema nimalize kwanza lenzi za mteja huyu. Barua yako ya Februari ilipofika, nilihisi umenifungia mlango bila kujua nimesimama nje. Ndiyo maana nilikuwa mkali. Haikuwa fahari peke yake. Ilikuwa hofu.

Lakini ninyi mmepunguza kila kitu ili mpate nafasi ya kupumua. Nikija mimi, na macho yangu na magoti yangu, nafasi hiyo ndiyo nitakayoikalia. Mumeo alikaa wiki tatu akila amesimama. Sitaki kumwona akirudi jikoni kwa ajili yangu.

Matone nitayatafuta huku huku. Usinijibu, nimeamua.

Kaka yako

*

Tarehe 22 Julai

Mdogo wangu,

Barua hii ataitia jirani kwenye basi la leo, itafika kabla yetu. Nimesema kabla yetu. Soma taratibu.

Jana saa nne asubuhi mtu aliingia dukani akakaa kwenye kiti cha wateja bila salamu. Nikadhani ni wa kodi ya duka. Nikasema, "Fundi hayupo."

Akasema, "Yupo wapi?"

Nikaijua sauti. Nikamwuliza, "Shemeji, mke wako amekutuma?"

"Mke wangu anadhani nimekwenda kununua mbao."

Nilimweleza yote niliyokuandikia wewe, kwamba mna vyumba vitatu, kwamba sitaki kuwakalia. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia jambo ambalo nadhani hajakuambia, na nalisema ingawa hakunipa ruhusa. Alisema, "Ulipouliza kama nilikubali kuhama, jibu ni kwamba sikukubali. Nilikuwa naona aibu mbele za walimu. Mtoto wangu alikuwa hasemi, na mimi nilikuwa nawaza makochi. Ile aibu bado ninayo. Sina nafasi ya kuweka nyingine ya kukuacha wewe hapa."

Akauliza, "Sanduku liko wapi?"

Nikamwambia siondoki bila mashine ya kusagia. Akaniuliza nitasagia nini. Tukagombana, nakwambia, tukagombana kama watoto, mpaka jirani akaja na mkasi wake mkononi akidhani kuna mwizi. Mwishowe mashine nimemwachia kijana mmoja aliyesomea kazi hii, analichukua duka na atamalizia kodi. Fremu za zamani nimegawa. Nguo zimeingia kwenye sanduku moja, na shemeji anasema bado ni nyingi.

Kilichonishangaza ni kwamba ilipofika jioni, duka tupu, sikulia. Nilikaa kwenye kile kiti cha wateja, mahali ambapo sikuwahi kukaa hata siku moja. Nilijisikia mwepesi, na niliogopa. Vyote viwili.

Tutafika Alhamisi mchana. Shemeji anasema atakata chumba cha kukaa kwa ukuta wa mbao, kitanda upande wa dirisha. Nimemwambia dirisha halinisaidii sana. Akasema hewa itanisaidia.

Nina ombi moja, na nimemfanya jirani aliandike mara mbili mpaka likae sawa. Nina miaka hamsini na minane na sijawahi kuongozwa. Kwenye ngazi zenu za ghorofa ya pili nitachelewa, na nitakuwa mkali nikichelewa. Mkinishika mkono msinivute. Nishikeni tu, nitapanda mwenyewe.

Kaka yako